Historia ya kivuli cha gari, kutoka mwembe hadi kadibodi

Saa saba mchana kwenye gati la kivuko cha Kamanga jijini Mwanza, jua halina huruma. Magari yanayosubiri kuvuka kwenda upande wa Sengerema husimama wazi, vioo vimepandishwa, na dereva akirudi huugusa usukani kwa ncha za vidole. Namna ya kulilinda gari lililoegeshwa imebadilika mara kadhaa tangu magari yafike nchini, lakini kinga bora imebaki ya bei nafuu.

Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari ili aivuke Afrika, akafika Swakopmund Mei 1909. Magari mengi ya enzi hizo yalikuwa wazi au na paa la turubai. Jua liliwachoma abiria, ila joto halikupata pa kunaswa. Kivuli nacho kilikuwepo tayari: misafara ya karne ya 19 iliacha miembe njiani, na mingine ingali hai Ujiji. Watu wa magari walirithi kivuli hicho, na hadi leo mwembe au mwarobaini ndiyo maegesho yanayogombewa kwanza.

Taabu ilikuja na gari lililofungwa pande zote. Mwanga wa jua hupenya kioo, hupasha moto viti na dashibodi, na joto lake hushindwa kutoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa ndani ya saa moja joto la gari huweza kupanda kwa nyuzi 22 hivi za Selsiasi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Kwa hiyo mtoto asiachwe ndani ya gari hata kwa dakika chache.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi, na dashibodi zake za plastiki zikapasuka kwa jua letu. Miaka hiyohiyo kadibodi ya kukunjwa ya kuziba kioo cha mbele ilienea Marekani. Leo inauzwa hata barabarani, ikiwa na upande unaong'aa. Upande huo utazame nje. Asiye na fedha achukue boksi kubwa, alikate kwa kipimo cha kioo na kulifunika kwa karatasi ya kung'aa. Kazi ni ileile.

Uelekeo nao hauna gharama. Mwezi Juni jua la Mwanza hupita kaskazini, hivyo pua ya gari itazame kusini. Desemba iwe kinyume. Anayeegesha alasiri aelekeze pua mashariki. Ukilifunika gari lote, kava iwe ya rangi nyepesi, na gari lifutwe vumbi kwanza, kwani vumbi chini ya turubai hukwaruza rangi. Juu ya miti ya Mwanza wapo ndege aina ya korongo: kinyesi chao kioshwe mapema kabla hakijala rangi.

Katika milima yenye baridi ya Makete na nyanda za Kitulo, Juni na Julai, shida hugeuka kuwa barafu ya alfajiri. Usiku usio na mawingu kioo hupoteza joto kuelekea angani, unyevu ukaganda juu yake. Boksi au blanketi kuukuu likilazwa juu ya kioo kwa nje jioni huzuia hilo. Maji ya moto yasimwagwe, maana kioo baridi hupasuka.

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, na foleni ya kivuko cha hapo, tofauti na kile cha Kamanga, ikaisha. Lakini gari bado litasimama sokoni, hospitalini na ofisini. Jiji na wenye viwanja vya maegesho wapande miti sasa: mwarobaini mmoja utafunika magari ya kizazi kizima, na kila dereva anayeegesha chini yake hatalipa hata senti.