Muthiga: Mti wa dawa unaostahili nafasi katika boma lako

Atafunaye kipande cha gome la muthiga huhisi uchungu kwanza, kisha ukali unaochoma ulimi mithili ya pilipili. Ladha hiyo ndiyo iliyoupa mti huu sifa, na ndiyo pia inayouangamiza.

Wakikuyu huuita muthiga, Wamaasai osokonoi na Wakipsigis sogoet. Wataalamu wa mimea huutambua kama Warburgia ugandensis, jina lililotolewa kwa heshima ya Mjerumani Otto Warburg. Ni mti wa kiasili wa Afrika Mashariki, ambao haupukutishi majani yake yote kwa pamoja, hivyo basi huwa wa kijani mwaka mzima. Majani yake hung'aa upande wa juu, na mti uliokomaa waweza kupita urefu wa mita 20.

Tangu jadi, magome yake yametumiwa kutuliza kikohozi, maumivu ya tumbo, homa na jino linalouma. Majani hutiwa katika mchuzi kama kiungo, nao utomvu hutumiwa kukazia mipini ya zana. Mnamo 1976, Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walieleza kemikali za mti huu zinazowafanya viwavi jeshi kususia chakula.

Tatizo ni uvunaji. Wachuuzi wa dawa hulichubua gome kuuzunguka mti mzima. Gome la ndani ndilo hupitisha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Likikatwa kote, mizizi hufa njaa na mti hukauka. Hii ndiyo sababu kuupanda nyumbani ni zaidi ya pambo. Ni kuupunguzia msitu mzigo.

Muthiga hustawi katika nyanda zilizo kati ya mita 1,000 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya kutosha na udongo usiotuamisha maji. Matunda yake ya kijani hugeuka zambarau yaivapo. Yaokote mapema, kwani nyani na ndege huyapenda. Yaloweke, uyaponde taratibu, uoshe mbegu na kuzikausha kivulini, kamwe si juani. Zipande upesi, maana hupoteza uwezo wa kuota zikihifadhiwa kwa muda mrefu. Hazihitaji kuchemshiwa maji.

Asiyepata mbegu na anunue miche katika kitalu cha kuaminika, au aulize katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini (KEFRI), yenye makao makuu Muguga.

Hamishia mche shambani mvua ya masika au ya vuli inapoanza. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza. Uache umbali wa angalau mita 10 kutoka nyumba, kwa kuwa matawi hutanda. Mche mchanga huhitaji kivuli chepesi, matandazo, maji wakati wa kiangazi na uzio wa kuzuia mbuzi. Mti huu haukui kwa kasi ya mkaratusi. Anayeupanda sharti awe na subira.

Ukihitaji kuutumia, anza na majani, ambayo nayo ni makali. Ukilazimika kutoa gome, kata kipande chembamba upande mmoja tu, kwa wima, na uache jeraha lipone kabla ya kurudi tena. Aidha, dawa hii isichukue nafasi ya daktari, hasa kwa watoto na kina mama waja wazito.

Mpango wa serikali uliozinduliwa Desemba 2022 unalenga miti bilioni 15 ifikapo 2032. Katika hesabu hiyo kubwa, ni rahisi kukimbilia miti ya kigeni inayokua haraka. Hata hivyo, mwenye nafasi ya mti mmoja tu katika boma lake atafanya vyema kuukumbuka muthiga, kabla jina hilo halijabaki kuwa la mahali tu, kama lilivyo katika kitongoji cha Muthiga huko Kiambu.