Kutoka Bwana Msa hadi Michezo ya Mauaji ya Kijapani

Kijana wa Merikit, wilayani Tororo, katika nchi ambayo Wateso wana jamaa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, na Kiswahili cha madereva na wachuuzi wa Malaba na Busia si kigeni masikioni, afunguapo mchezo katika simu yake akatazama picha ya maiti sakafuni, akasoma maneno yaliyoandikwa chini yake, kisha akaulizwa ni nani katika waliomo nyumbani amtakaye kumhoji kwanza, huenda wazee wake wakadhani kwamba jambo hilo ni bidaa iliyozuka juzi. Na hali usomaji wa namna hiyo una nasaba ndefu katika Afrika Mashariki.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ambaye alitumika katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa kitabu mwaka 1960. Humo maiti imeonekana mahali penye mzimu, na watu wamekwisha kukata shauri kwamba mzimu ndio uliotenda, mpaka anapotokea mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni, akauliza maswali ya mwanadamu juu ya tendo la mwanadamu. Hapa, naamini, ndipo ilipo siri yote: msomaji havutwi na damu, bali na ile raha ya kuiona akili ikiingia mahali ambapo hofu ilikuwa imefunga mlango.

Faraji Katalambulla akafuatia na hadithi ya upelelezi Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha akaingia katika hadithi za picha kwa jarida la Film Tanzania. Na wakati huohuo jarida la African Film, la Kiingereza, lilikuwa likimtembeza mpelelezi Lance Spearman, mwenye kofia ya panama na tai ya kipepeo, katika miji mingi ya Afrika. Humo picha za watu halisi hupangwa moja baada ya moja, maneno yao yameandikwa palepale juu ya picha, na jicho la msomaji husimama juu ya uso wa mshukiwa kwa kadiri litakavyo, likitafuta uwongo.

Wajapani nao, kwa njia yao wenyewe, waliufikia ukurasa huohuo. Mwaka 1983 Yuji Horii alitoa mchezo wa kompyuta wa Portopia, ambamo mchezaji humwamuru msaidizi wake aende wapi na amhoji nani. Na katika Kamaitachi no Yoru, wa mwaka 1994, uchaguzi mbaya huwaletea mauti watu waliofungiwa na theluji. Hili Abdulla hakuwa nalo: Najum hukosea dhana zake bila ya mtu kufa kwa sababu yake, lakini mchezaji hubeba dhima, na ndiyo maana hulala akiwaza.

Natamani mno kumwona kijana wa mpakani akikichukua Kisima cha Giningi, kitabu kingine cha Abdulla, akakichorea nyuso, na kumwachia mchezaji kazi ya Bwana Msa ya kuuliza.