Skuta ya Mama na Viti vya Chicago

Nilipotea kidogo, chumba cha habari kilinimeza. Leo sina siasa. Nataka tuzungumze kuhusu skuta.

Sio zile za barabarani. Nina maana skuta ya umeme ya kukalia, yenye kiti kama cha ofisini, usukani, kikapu mbele na betri chini ya kiti, wanayotumia watu ambao miguu yao haiwezi tena safari ndefu. Desemba 2018 dada yangu anayeishi Florida alitaka kumkodia mama moja tulipofika Disney's Animal Kingdom, karibu na Orlando. Magoti ya mama hayamfikishi hata mwisho wa mtaa bila kupumzika. Jibu lake? "Sijawa kiwete mimi." (Neno hilo siku hizi tunaliepuka, lakini mama ni wa zamani na hashauriki.)

Tulibishana karibu nusu saa, huku wazee wa rika lake wakitupita na skuta zao, wakila bisi. Ndipo nikajiuliza, hivi mambo haya yalianza wapi? Nilidhani ni ya juzijuzi. Kumbe!

Turudi mwaka 1893. Jiji la Chicago liliandaa maonyesho makubwa ya dunia kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Eneo lilikuwa kama hekta 280, na tiketi zaidi ya milioni 27 zilihesabiwa getini ndani ya miezi sita. Nani angeweza kulizunguka lote kwa miguu? Basi wakakodisha viti vya magurudumu, na wasukumaji wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakitafuta hela ya likizo. Hata hao hawakuwa wa kwanza, maana viti vya kukodi vilikuwepo kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Lakini Chicago ina utamu wake. Kati ya mafundi seremala waliojenga maonyesho yale alikuwemo bwana mmoja aitwaye Elias Disney. Mwanawe Walt alizaliwa mji huohuo mwaka 1901. Mengine mnayajua: Disneyland ilifunguliwa California mwaka 1955, na Walt Disney World ikafunguliwa Florida mwaka 1971, miaka mitano baada ya Walt kufariki.

Kuna sehemu nyingine ya historia hii ambayo haipendezi sana. Katika mji wa pwani wa Atlantic City, viti vya kukodi vilianza miaka ya 1880 kwa ajili ya wagonjwa waliokwenda kupunga upepo wa bahari. Haukupita muda, wazima nao wakavipenda. Kukaa kwenye kiti na kusukumwa kando ya bahari ikawa fasheni ya wenye nazo. Na wasukumaji? Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, ambao ubaguzi wa enzi zile uliwafungia milango ya hoteli zilezile walizozipita kutwa nzima. Kwa hiyo kiti kilichobuniwa kwa ajili ya asiyeweza kutembea kiligeuka kuwa cha asiyetaka kutembea. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Skuta yenyewe ina umri mdogo zaidi. Mwaka 1968, huko Michigan, fundi bomba na mitambo ya joto aitwaye Allan Thieme alikuwa na mtu wa familia aliyeugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaopunguza nguvu za mwili polepole. Thieme akatengeneza kigari kidogo cha umeme chenye magurudumu matatu, akakiita Amigo, yaani "rafiki" kwa Kihispania. Viti vya magurudumu vya umeme vilikuwepo tayari, lakini vilikuwa vizito na vilionekana kama vitu vya hospitali. Amigo ilikaa kama kachombo ka matembezi. Tena ilimfaa yule wa katikati, mtu anayeweza kusimama na kupiga hatua chache, lakini si kilometa tano. Mtu kama mama yangu.

Lakini kuwa na chombo ni jambo moja, na kuwa na pa kupita ni jingine. Njia hazikufunguka kwa huruma. Aprili 1977 watu wenye ulemavu, Judy Heumann akiwa mmoja wa viongozi wao, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakakataa kutoka kwa zaidi ya wiki tatu, wakidai kanuni za sheria ya mwaka 1973 zitiwe saini. Black Panther ndio waliowapelekea chakula cha moto. Kanuni zikasainiwa. Machi 1990 wengine waliacha viti vyao chini ya ngazi za Bunge la Marekani mjini Washington wakapanda kwa kutambaa, mikono na magoti, mbele ya kamera. Julai mwaka huo Rais George H. W. Bush akasaini sheria iliyozihusu pia biashara binafsi: hoteli, sinema na viwanja vya burudani. Mteremko laini uliompitisha mama getini una jasho la watu hawa.

Sasa lile la Atlantic City. Mwaka 2013 gazeti la New York Post liliandika kuwa baadhi ya matajiri walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wafuatane nao Disney ili familia nzima ikwepe foleni. Ndiyo, walimkodi binadamu! Mwaka huohuo Disney wakabadilisha utaratibu, na mwaka 2024 wakaubana tena. Wenye shida ya kweli ambayo haionekani kwa macho ndio wanaohojiwa zaidi. Nadhani hicho ndicho alichokiogopa mama, kuliko hata hilo neno "kiwete": kutazamwa kama mwongo.

Alikubali alipoona kibao cha "Harambe". Bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1998, ina kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, na waliokichora walichukua mengi kutoka Lamu. Kuta zimechakazwa kwa makusudi, na maandishi ya Kiswahili yako kila upande. Mama akauliza, "Mpaka kule ni mbali?" Dada akasema ni mbali. Akaketi.

Dakika kumi za kwanza aligonga mtungi wa maua mara mbili. Baada ya hapo hatukumkamata. Alipita katikati ya Harambe akisoma vibao kwa sauti, watu wakimpisha, akiwasahihisha matamshi wafanyakazi waliomsalimu "Jambo". Mimi nilikuwa nyuma nikihema, nikiifikiria Lamu yenyewe, ile ya kweli, ambako vichochoro ni vyembamba, usafiri ni punda, na bibi mwenye magoti kama yake anaishia barazani kwake.

Jioni, wakati wa kurudisha funguo, mama aliuliza kama kesho tunaweza kuipata ileile.