Kuzima na Kutoa Chaji: Istilahi za Vikuza Sauti vya Vali

Njia ya misafara ya Unyamwezi ilieneza Kiswahili bara. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, kisha ikapita Usoke hadi Kigoma mwaka 1914, ilileta maneno ya mitambo. Katika miaka ya 1960 bendi za Tabora, kama Kiko Kids na Tabora Jazz, zilipiga magitaa ya umeme. Jina “kipaza sauti” likabebeshwa vitu vitatu: kinachopokea sauti, kinachoikuza na kinachoitoa. Utata huo huvumilika. Ule wa “kuzima” ni wa hatari. Kikuza sauti cha vali kilichozimwa huweza kubaki na mamia ya volti katika kapasita zake. Hivyo fundi anayetafuta chanzo cha mvumo hana budi kutofautisha “kuzima” na “kutoa chaji”, kisha apime kwa mita kabla ya kugusa.