Sikio la Mwalimu

Nikisema kwamba Marekani nilisomea mawasiliano ya usemi, watu wa nyumbani hujaza wenyewe kilichobaki. Wengine humwona mtangazaji wa redio. Mjomba wangu alimwona mshereheshaji wa harusi, akataka kujua kama ada yote ile ilikuwa ya kujifunza kushika maikrofoni. Simlaumu. Kwetu tumezoea isimu, fasihi, uandishi wa habari, na ile kozi ya stadi za mawasiliano ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifanya huku akili iko kwingine. Idara inayochukulia kusema mbele za watu kuwa elimu inayojitegemea, yenye maprofesa wake na shahada yake ya uzamivu, ni mtoto wa Marekani, na siku yake ya kuzaliwa inajulikana.

Ilikuwa Novemba 1914, mjini Chicago. Walimu wa kuzungumza hadharani walikuwa sehemu ya Baraza la Kitaifa la Walimu wa Kiingereza, na vyuoni wengi wao waliajiriwa katika idara za Kiingereza. Aliyeamua kama watapandishwa cheo mara nyingi alikuwa mtu wa vitabu, ambaye kwake hotuba ni insha iliyosomwa kwa sauti. Walimu 17, wote wanaume, wakajitoa na kuunda chama chao. James O'Neill wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akawa rais wake wa kwanza, na mwaka 1915 wakaanza kutoa jarida. Walichodai ni kwamba neno lililosemwa si kivuli cha neno lililoandikwa. Msemaji ana watu mbele yake, sasa hivi, wanaoweza kucheka, kununa au kunyanyuka na kuondoka. Karatasi haimwoni msomaji wake akipiga miayo.

Hoja hiyo haihitaji kuvuka bahari ili ieleweke. Aliyewahi kukaa pembeni akimsikiliza mshenga anayejua kazi yake, anajua kwamba maneno ya posa ni yale yale kila nyumba, na kwamba posa hushinda au huanguka kwa namna mtu anavyotulia kabla ya kutaja kilichomleta.

Wale 17 walitaka pia kujitenga na mtu mwingine: mwalimu wa ufasaha wa karne ya 19, wa kukariri mashairi jukwaani kwa ishara za mikono zilizopangwa. Walimwona kama kichekesho. Mimi naona walimdharau upesi mno, kwa sababu fani hiyo iliyochekwa ndiyo iliyompa jukwaa Hallie Quinn Brown, binti wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliyekuwa profesa wa ufasaha katika Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio, na akasafiri hadi Uingereza akisoma na kuhutubia. Katika mkutano wa Chicago hapakuwa na mtu kama yeye.

Wakapata nyumba yao, na hawakuchelewa kugombana ndani yake. Charles Woolbert wa Illinois, mmoja wa wale 17, alitaka usemi uwe sayansi: pumzi ipimwe, sauti ipimwe, akili ya msikilizaji ichunguzwe maabara. Everett Lee Hunt, kijana aliyekuwa akifundisha chuo kidogo huko South Dakota, akamjibu katika jarida kwamba wakifuata njia hiyo watapoteza kilichowafanya wapende kazi hii, yaani mtu mzima mwenye jambo la kusema na raia wenzake. Hunt alihamia Cornell, ambako mwaka 1920 yeye na Alexander Drummond walianzisha semina ya kusoma Aristotle, Cicero na Quintilian. Nimezisoma pande zote mbili, na kwa raha ya kusoma nampa Hunt. Katika idara niliyosoma mimi, karibu miaka mia baadaye, wajukuu wa Woolbert na wajukuu wa Hunt bado walikuwa hawali chakula cha mchana meza moja.

Laiti ungekuwa ugomvi wa wasomi tu. Lakini ukisema usemi ni kitu cha kupimwa, swali linalofuata ni nani yuko chini ya kipimo, na nani amekishika.

Jibu moja lilitoka Chuo Kikuu cha Iowa. Hapo, katika miaka ya 1920, Lee Travis alikuwa akiwachunguza watu wenye kigugumizi, akiamini kwamba tatizo liko kwenye ubongo, katika mgawanyo wa kazi kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Kijana mmoja wa Kansas, Wendell Johnson, alifika huko kusoma akiwa na kigugumizi kikali, akajitoa mwenyewe afanyiwe majaribio. Walimfunga mkono kwa plasta ili ubongo ubadili upande. Kigugumizi hakikuisha. Mwaka 1930 alichapisha kitabu kuhusu kigugumizi chake, kisha akabaki chuoni hapo kama mtafiti, na baada ya muda akafikia wazo lililo kinyume na la mwalimu wake: kwamba kigugumizi huanzia sikioni mwa mzazi. Watoto wote hukwama na kurudia maneno. Mzazi mwenye wasiwasi akisikia hivyo akampa mtoto jina la mgonjwa, mtoto huanza kuogopa kinywa chake mwenyewe, na hapo ndipo ugonjwa unapozaliwa.

Ni wazo zuri, na lilitoka kwa mtu aliyeteseka. Ili kulipima, Johnson alimsimamia mwanafunzi wake wa uzamili, Mary Tudor, katika jaribio lililofanyika mwaka 1939 kwenye kituo cha yatima huko Davenport, Iowa. Watoto walikuwa 22. Sita kati yao walikuwa wakizungumza vizuri kabisa. Hao sita waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, kwamba wajizuie kwa kila hali, na kwamba wasifungue kinywa mpaka wawe na hakika watasema sawasawa. Walimu na walezi wa kituo nao wakaambiwa wawasahihishe.

Ndani ya miezi michache baadhi ya watoto hao walikuwa wamenyamaza. Walijibu kwa neno moja, waliona aibu, walifunika mdomo kwa mkono. Tudor alirudi baadaye kujaribu kuwaambia kwamba hawana tatizo lolote, lakini hakufaulu kuwarudisha walivyokuwa. Wataalamu waliopitia upya takwimu zake wanasema hakuna aliyegeuka kuwa na kigugumizi halisi, na leo utafiti unaonyesha kwamba urithi na ubongo vina sehemu kubwa katika hali hiyo. Kwa hiyo kuhusu kigugumizi, Johnson alikosea. Kuhusu nguvu ya sikio la mwalimu, nionavyo mimi, watoto wale walithibitisha zaidi ya alichotafuta.

Johnson hakuyachapisha matokeo hayo hadi alipofariki mwaka 1965. Tasnifu ya Tudor ilikaa maktabani, yeyote angeweza kuiazima. Mwaka 2001 gazeti la San Jose Mercury News liliitoa hadharani, chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kwa walionusurika na familia za waliokufa. Kituo cha usemi na usikivu cha chuo hicho kilipewa jina la Johnson.

Nilisoma habari hizo muhula ambao mimi mwenyewe nilikuwa nikifundisha kozi ya kuzungumza hadharani, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa uzamili huko. Kabla ya kuruhusiwa kuingia darasani nilifanyiwa mtihani wa matamshi ya Kiingereza, nikapita. Fomu niliyopewa ya kusahihisha hotuba ilikuwa na sehemu ya utamkaji, alama 10. Wa kwanza kupanda alikuwa binti wa kutoka familia ya wahamiaji, mwenye hoja safi kuliko wote na lafudhi nzito kama yangu. Nilikaa na kalamu juu ya karatasi, nikijaribu kuamua nisikie kwa sikio la nani. Nikampa 10, na msimamizi wangu akaniita kuniuliza kwa nini.

Mwaka 1974, walimu wa uandishi walio chini ya baraza lile lile walilolitoroka wale 17 walipitisha azimio kwamba mwanafunzi ana haki ya lugha na lahaja yake. Watu wa karatasi, wakitetea vinywa.

Chama cha Chicago kimebadili jina mara kadhaa. Mwaka 1970 kilikuwa Chama cha Mawasiliano ya Usemi, na mwaka 1997 neno usemi likatolewa, yakabaki mawasiliano peke yake. Neno lenyewe halikupotea. Limebaki katika jina la chama kilichozaliwa kutoka humo mwaka 1925, cha wale walioona kazi yao kuwa ni kurekebisha kasoro za kusema.