Kiingereza cha Nairobi na msamiati wa Mjapani

MJAPANI anayekuja Nairobi kufanya kazi aghalabu huwa amesomeshwa Kiingereza kwa miaka mingi shuleni kwao. Hata hivyo, siku chache katikati ya jiji humdhihirishia kwamba baadhi ya maneno aliyokuja nayo hayana maana hiyo nje ya Japani, na mengine yamekwisha kuvishwa maana ya Kiswahili.

Maneno ya aina ya kwanza ndiyo yenye hasara zaidi. Wajapani wamekopa msamiati mwingi wa Kiingereza na kuupa maana yao wenyewe. "Manshon", mathalani, kwao ni fleti ya kawaida ghorofani. Anayemwambia dalali wa Kileleshwa kwamba anatafuta "mansion" huenda akapelekwa Lavington au Karen kuonyeshwa jumba lenye bustani, pamoja na kodi yake. "Kureemu", lililotokana na "claim", ni lalamiko. Katika ofisi ya bima Nairobi ni dai la fidia.

"Konsento" nalo ni soketi ya umeme. Akiuliza "consent" madukani Luthuli Avenue hataeleweka, kwani hiyo ni idhini, aseme "socket". Hapo si lugha tu iliyo hatarini. Umeme wa nyumbani Japani ni wa volti 100 na wa Kenya ni volti 240, hivyo basi kifaa kilichoundiwa volti 100 pekee kitaungua kikichomekwa bila transfoma.

Maneno ya aina ya pili hayafahamiki pasipo Kiswahili. Mgeni akijikwaa karibu na Kencom, mpita njia akamwambia "sorry", asidhani huyo anakiri kosa, anamwambia "pole". "Hotel" ya Kawangware mara nyingi ni mkahawa wa chai na chapati, wala haina kitanda. "Stage" ni kituo cha matatu. Mwenyeji anayesema "I'm coming" huku akiondoka anamaanisha "naja", yaani ningoje nitarudi. Na akiambiwa "you are lost", asianze kutafuta ramani. Amekuwa haonekani siku nyingi. Katiba ya 2010 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, lakini mitaani lugha hizo mbili haziishi mbalimbali.

Ajabu ni kwamba Mjapani yu karibu na Mkenya kuliko anavyodhani. Lugha yake ina vokali tano kama za Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa vokali: yeye husema "basu", Mswahili husema "basi". Hata maswali ya kukanusha huyajibu kwa namna moja na Wakenya wengi. Utingo wa matatu nambari 46 akimuuliza "You don't have change?" naye hana, atajibu "yes", yaani ni kweli sina, na wataelewana. Mwingereza ndiye angejibu "no".

Suala la "r" na "l" pia si la mgeni pekee, maadamu Kikuyu, kama Kijapani, hakizitenganishi sauti hizo. Anayechelea kwamba "rice" itasikika "lice", yaani chawa, na aagize wali kwa Kiswahili. Hata akitamka "wari", sahani italetwa.