Barakoa ya Ruhusa: Historia ya Chaguomsingi la Faragha ya Mafaili katika Mfumo wa Unix, 1969–2021

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kifaa kidogo cha mfumo endeshi wa Unix kinachoitwa umask, yaani barakoa inayoamua ni ruhusa zipi faili jipya linyimwe siku linapoundwa. Inajengwa hoja kwamba historia ya kifaa hiki ni historia ya swali moja: nani ana haki ya kuamua iwapo kazi ya mtu itakuwa wazi kwa wengine au itabaki siri yake? Mamlaka hayo yalianza mikononi mwa mwandishi wa programu, yakahamishiwa kwa mtumiaji mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha kwa sehemu kubwa yakaangukia kwa wasambazaji wa mifumo, kwa kuwa watumiaji wengi hawakujua kwamba wamekabidhiwa uamuzi.

1.0 Utangulizi

Kompyuta inayotumiwa na watu wengi hufanana na nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na ua mmoja. Kila mpangaji anapoingiza kitu, lazima iamuliwe kama kitawekwa chumbani chini ya kufuli au uani mbele ya macho ya wote. Mara nyingi mpangaji mwenyewe haamui. Desturi ya nyumba humwamulia. Katika lugha ya kompyuta, desturi hiyo huitwa chaguomsingi.

Katika Unix na mifumo iliyozaliwa nayo, ikiwemo Linux inayoendesha seva nyingi za vyuo vikuu, benki na ofisi za umma, chaguomsingi la ruhusa za mafaili hutawaliwa na umask. Mtumiaji huiandika katika sheli, yaani programu inayopokea amri zake kwa maandishi. Amri yenyewe ina herufi tano tu na namba tatu, na wengi huitumia maisha yao yote ya kazi bila kuuliza imetoka wapi. Hata hivyo, rasimu ya tasnifu, orodha ya alama za wanafunzi au kumbukumbu za wagonjwa zikiwekwa kwenye seva ya pamoja, namba hizo tatu huweza kuamua ni nani atakayezisoma.

2.0 Kabla ya Barakoa

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell zilizoko Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, chini ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka huohuo, Bell ilikuwa imejitoa katika mradi wa Multics, mfumo mkubwa ulioandaliwa pamoja na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric. Multics ilikuwa na orodha ndefu za udhibiti zilizotaja mtu mmoja mmoja na haki zake. Unix ilichagua njia fupi.

Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotoka Novemba 1971, uligawa watu katika makundi mawili tu: mmiliki wa faili na wasio wamiliki. Kufikia Toleo la Sita la mwaka 1975, mgawanyo ulikuwa wa makundi matatu unaojulikana hadi leo: mmiliki, kundi lake, na watu wengine wote. Kila upande hupewa au hunyimwa haki tatu: kusoma, kuandika na kutekeleza. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kutekeleza 1. Hivyo tarakimu tatu zatosha kueleza hali ya faili zima. Faili lenye 644 husomwa na kuandikwa na mmiliki, ilhali kundi na wengine huweza kulisoma tu.

Katika kipindi hiki, uamuzi ulikuwa wa mwandishi wa programu. Programu ilipotaka kuunda faili, ilikiomba kiini cha mfumo na kutamka ruhusa zinazotakiwa, kiini kilitii. Mtumiaji aliyetaka faragha alilazimika kubadilisha ruhusa baada ya faili kuundwa, na kurudia kazi hiyo kwa kila faili. Utaratibu huo haukuwasumbua waasisi. Walikuwa wachache, walifahamiana, na kusomana kazi kulikuwa sehemu ya ushirikiano wao.

Mambo yalibadilika mfumo ulipotoka nje ya maabara. Mwaka 1974 Thompson na Ritchie walichapisha maelezo ya Unix katika jarida la jumuiya ya wanakompyuta wa Marekani, na vyuo vikuu vikaanza kuupata kwa leseni. Mashine moja sasa ilihudumia watu wa idara mbalimbali, wanafunzi na wahadhiri, watu wasiojuana. Nyumba ilipata wapangaji wapya, lakini desturi ya ua ilibaki ileile.

3.0 Kuzaliwa kwa Barakoa

Jibu lilionekana katika Toleo la Saba la Unix, lililotolewa mwaka 1979. Toleo hili lilileta wito mpya wa kiini uitwao umask, pamoja na amri ya jina hilohilo ndani ya sheli iliyoandikwa na Stephen Bourne. Tangu hapo, programu iliendelea kutamka ruhusa inazotaka, lakini kiini hakikuzitoa zote. Kwanza kiliangalia barakoa ya mchakato husika, kikaondoa kila haki iliyofunikwa na barakoa hiyo, ndipo kikaunda faili.

Sifa tatu za utaratibu huo zinastahili kutajwa. Ya kwanza, barakoa hunyima tu, haitoi kamwe. Programu ikiomba 600, yaani mmiliki pekee, hakuna barakoa itakayoifanya faili hiyo isomwe na wengine. Ya pili, barakoa hufanya kazi wakati wa kuundwa kwa faili tu. Anayeibadilisha leo hajayalinda mafaili ya jana. Maji yakimwagika hayazoleki. Ya tatu, barakoa hurithiwa. Kila mchakato huipokea kutoka kwa mchakato uliouzaa, na mabadiliko anayoyafanya mtoto hayarudi kwa mzazi.

Sifa hii ya tatu ndiyo inayoeleza kwa nini umask iliwekwa ndani ya sheli yenyewe. Kama ingekuwa programu ya kando, sheli ingeizaa, programu hiyo ingebadilisha barakoa yake, kisha ingekufa na mabadiliko yake, na sheli ingebaki kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyohiyo, mahali panapofaa kuiweka ni katika faili la maandalizi ambalo sheli hulisoma mtumiaji anapoingia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: thamani iliyowekwa mwanzoni hufuata kila programu itakayoanzishwa katika kikao hicho.

Kimamlaka, hatua ya 1979 ilikuwa kubwa kuliko ukubwa wa amri. Mwandishi wa programu hakuweza kujua kama programu yake itatumika katika maabara ya marafiki watano au katika chuo chenye mamia ya watumiaji. Barakoa ilimwondolea mzigo wa kubashiri na kumkabidhi uamuzi mtu anayeishi na matokeo yake. Ritchie mwenyewe, katika maandishi yake kuhusu usalama yaliyoambatana na Toleo la Saba, alikiri kwamba Unix haikubuniwa usalama ukiwa lengo. Kuhusu kulinda taarifa zisisomwe wala kuharibiwa, aliona kuwa nyenzo karibu zinatosha kinadharia, na kwamba tatizo liko zaidi katika uangalifu wa matumizi.

4.0 Jina na Hesabu Yake

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, neno linaloufaa utaratibu huu ni barakoa. Kabla ya neno hilo kuenea mwaka 2020 kama jina la kizuizi cha maradhi, lilikuwa jina la vazi la uso la wanawake, lililofahamika Zanzibar na Omani, ambalo hufunika sehemu ya uso na kuacha macho wazi. Kinyago, kwa upande wake, huelekeza fikra kwenye sanamu na ngoma, yaani sura mpya inayowekwa juu ya ile ya asili. Umask haiweki sura mpya. Hufunika baadhi ya sehemu na kuziacha nyingine kama zilivyoombwa.

Taswira hiyo husaidia kuepuka kosa lililozoeleka la kudhani kwamba barakoa ni namba ya kutolewa kihesabu. Kwa kawaida programu huomba 666 kwa faili na 777 kwa saraka. Barakoa ikiwa 022, faili hupata 644 na saraka 755, na hesabu ya kutoa huonekana kuwa sahihi. Ikiwa 027, saraka hupata 750, na hesabu bado yakubali; lakini faili hupata 640, ambapo kutoa 7 katika 6 hakuwezekani. Kosa hujidhihirisha zaidi barakoa ikiwa 033. Anayetoa 033 katika 666 atapata 633, faili ambalo wengine wangeweza kuliandika na kulitekeleza. Jibu la kweli ni 644. Tarakimu 3 inafunika kuandika na kutekeleza. Haki ya kutekeleza haikuombwa tangu awali, basi kufunikwa kwake hakubadilishi kitu. Huwezi kufunika kisichokuwepo.

Jumuiya ya viwango nayo ilitambua ugumu huo. Kiwango cha POSIX, kilichopitishwa kwanza mwaka 1988 na kuongezewa sehemu ya sheli na amri mwaka 1992, kiliruhusu barakoa iandikwe kwa herufi. Mtumiaji huweza kuandika u=rwx,g=rx,o= badala ya 027. Hata hivyo maana imegeuka: tarakimu hutaja kinachonyimwa, herufi hutaja kinachoachwa.

5.0 Uamuzi Usioamuliwa

Haki iliyotolewa bila kujulikana ni vigumu kutumika. Barakoa ya 022 ilienea hadi ikachukuliwa kuwa hali ya asili. Kiini cha Linux, kilichoanza kuandikwa mwaka 1991, huupa mchakato wa kwanza kabisa thamani hiyo. Hakuna ulazima wa kiufundi nyuma yake. Ni kauli ya kijamii inayosema: jirani asome, asiandike. Kauli hiyo ilifaa Murray Hill. Katika seva ya watu wasiojuana, humaanisha kwamba mwenye kukaa kimya amekubali kusomwa.

Wasambazaji walijaribu njia mbalimbali. Red Hat ilimpa kila mtumiaji kundi lake binafsi lenye mwanachama mmoja. Kwa mpango huo, barakoa ya 002, inayoruhusu kundi kuandika, haikuleta hatari, kwa kuwa kundi na mmiliki walikuwa mtu yuleyule. Na washiriki wa mradi mmoja waliweza kufanya kazi katika saraka ya pamoja bila kurekebisha ruhusa kila mara. Njia nyingine ilirudisha fikra ya Multics: orodha za udhibiti zilizotokana na rasimu ya POSIX ambayo haikupata kuidhinishwa kuwa kiwango. Katika Linux, saraka yenye orodha ya msingi ya namna hiyo hutawala mafaili yanayoundwa ndani yake, na barakoa huwekwa kando.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004. Kwa zaidi ya miaka 16, saraka ya nyumbani ya mtumiaji mpya iliundwa kwa ruhusa 755, hivyo watumiaji wengine wa mashine hiyo waliweza kuifungua na kuona yaliyomo. Ni katika toleo la Aprili 2021 ndipo thamani hiyo ilipobadilishwa kuwa 750. Wasambazaji hawakungoja kila mtumiaji ajifunze kuvaa barakoa. Waliufunga mlango wa chumba. Uamuzi uliokabidhiwa kwa mtumiaji mwaka 1979 ukawa umechukuliwa na mtu mwingine kwa niaba yake, safari hii kwa upande wa faragha.

Hata kuisoma barakoa kulikuwa na kikwazo. Wito wa umask hurudisha thamani ya zamani pale tu unapoweka mpya, kwa hiyo programu haikuweza kuuliza bila kubadilisha. Linux iliongeza njia ya kuiona barakoa ya mchakato bila kuigusa katika toleo la 4.7 la mwaka 2016, miaka 37 baada ya Toleo la Saba.

6.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba chaguomsingi ni uamuzi wenye mwenyewe na tarehe, ingawa huonekana kama hali ya maumbile. 022 iliakisi jamii ndogo ya watu walioaminiana, ikaendelea kutawala jamii ambazo hazikuwa na sababu ya kuaminiana. Toleo la Saba liliweka mlango mikononi mwa mtumiaji, lakini halikuweza kumpa ujuzi wa kuufunga.

Funzo kwa walimu wa kompyuta wanaofundisha kwa Kiswahili ni la vitendo. Barakoa isifundishwe kama hesabu ya kutoa wala kama amri ya kukariri. Mwanafunzi aanze kwa kuandika umask katika sheli yake, aisome thamani aliyorithi, kisha ajibu swali ambalo namba hiyo imekwisha kulijibu kwa niaba yake: kazi yangu, nani aisome? Akiona kwamba jibu lililorithiwa silo lake, ataandika 027 au 077 katika faili lake la maandalizi. Baada ya hapo ayapitie mafaili yake ya zamani moja moja, kwa kuwa hayo barakoa mpya haiyafuniki.